Bia chachu nyeusi za Ubelgiji zilizokomazwa pipani: ipi ununue kwanza

Chupa inayodai kuwa kali, chachu na iliyokomazwa kwenye mbao huwa na bei, na mara nyingi haina vyote vitatu. Tatizo ni la kikemia. Bakteria wanaoleta uchachu hawavumilii alkoholi nyingi. Ikivuka asilimia 8 hivi wengi wao hulegea, na kazi iliyokuwa ya miezi inageuka kuwa ya miaka. Ndiyo maana nyingi ya bia chachu za Ubelgiji ziko kati ya asilimia 5 na 7. Anayetaka kufika 11 au 13 hana budi kusubiri sana, kuchanganya bia mbili, au kutia matunda yanayokuja na asidi yake. Gharama ya kusubiri huko inamwangukia mnunuzi.

Kwa hiyo hatukupanga kwa kuangalia nguvu peke yake. Tumeangalia kwanza kama uchachu na utamu vinashikana, halafu kama mbao zinasikika kweli kwenye ladha, halafu kama chupa yenyewe inapatikana bila kuzunguka mji mzima. Bei imekuja mwisho, ila haikusahauliwa.

Mbao au chuma

Kabla ya kutoa pesa, jua kwamba kuna shule mbili. Flanders ya Magharibi, jimbo la Ubelgiji, kuanzia Roeselare hadi Vichte na Bellegem, hukomaza bia yake nyekundu-kahawia kwenye mapipa makubwa ya mwaloni yanayosimama wima. Mji wa Oudenaarde, ulioko Flanders ya Mashariki, hukomaza bia yake ya kahawia kwenye matangi ya chuma. Mwaloni unapitisha hewa kidogo kidogo, na hewa ndiyo inayowapa nguvu bakteria wa siki. Chuma hakipitishi, kwa hiyo uchachu wake unatokana zaidi na asidi ya laktiki, ile ile ya maziwa mgando: laini, isiyochoma koo. Asiyependa harufu ya siki ataokoa pesa nyingi akilishika hilo moja.

Ukubwa wa pipa nao una kauli. Mapipa ya Rodenbach, kiwanda cha bia ya kwanza kwenye orodha hii, huanzia lita 12,000 hadi lita 65,000. Pipa la mvinyo la Bordeaux lina lita 225, na la wiski ya bourbon lina takriban 200. Pipa likiwa dogo, kila lita ya bia inagusana na mbao nyingi zaidi na kupata hewa nyingi zaidi. Ladha ya mbao na ya kilichokaa humo awali inakuja haraka, lakini siki pia inakuja haraka. Bia za mapipa madogo zina kilele cha juu kuliko nyingine, na ndizo pia zinazoharibika kwa urahisi.

1. Rodenbach Grand Cru, asilimia 6

Si kali kuliko zote, lakini ndiyo ya kuanza nayo, na hata mnywaji mzoefu hurudi kwake. Kiwanda kiko Roeselare tangu 1821 na kina mapipa makubwa 294. Grand Cru ni mchanganyiko: thuluthi moja bia changa, thuluthi mbili bia iliyokaa miaka 2 kwenye mwaloni. Thuluthi ile changa si ya kujaza chupa tu. Bila utamu wake, bia ya miaka 2 ingekuwa kavu na yenye kukwaruza meno.

Mdomoni inaanza na cheri na ganda la tufaha jekundu, inapita kwenye ukwaju, inamalizia kwa tanini, ule mkazo unaobaki ulimini baada ya chai ya rangi iliyokolea. Siki ipo, lakini imekaa nyuma. Uchachu wake ni wa pH ya takriban 3.3, wakati lager ya kawaida iko juu ya 4 (namba ikishuka, uchachu unapanda). Aliyekulia Kilimanjaro kwenye mbege, au Burundi kwenye urwarwa, hatashtushwa na uchachu huo. Kitakachokuwa kigeni kwake ni mbao.

Kosa la kawaida dukani ni kuchukua Rodenbach ya kawaida ukidhani ndiyo hii, kwa kuwa jina kubwa kwenye lebo ni lile lile. Ile ina asilimia 5.2, robo tatu yake ni bia changa, na ni nyepesi na tamu zaidi. Kwenye jua la mchana haina ubaya, ila haitakufundisha lolote kuhusu pipa. Tafuta maneno Grand Cru, na ukimaliza kutafuta, hakikisha asilimia.

Ukibahatika kukuta Rodenbach Vintage, yenye asilimia 7 na mwaka wake umeandikwa, ichukue hata kama ni ghali zaidi. Hiyo haikuchanganywa na bia changa. Inatoka kwenye pipa moja lililochaguliwa kati ya yote. Tungeipa nafasi ya kwanza kama ingepatikana kwa urahisi. Caractère Rouge, nayo ya asilimia 7, imelazwa na cheri, rasiberi na kranberi: nzuri, ila matunda yanaufunika mwaloni, na humu tunatafuta mwaloni.

2. Liefmans Goudenband, asilimia 8

Huyu ndiye mkubwa wa Oudenaarde, na tunasema wazi mapema: hajawahi kulala kwenye mbao. Yuko hapa kwa sababu anayesoma orodha hii akitafuta bia nyeusi, nzito na chachu huenda akagundua kwamba kitu hasa alichokuwa akikitafuta ni hiki. Bia inachachukia kwenye vyombo vilivyo wazi juu, inakomazwa kwa miezi mingi, kisha bia za umri tofauti zinachanganywa. Kinachotoka kina tende, zabibu kavu, sukari guru iliyoungua kidogo, na uchachu unaofika mwishoni badala ya mwanzoni.

Chupa kubwa huja zimefungwa kwenye karatasi nyepesi. Ifungue karatasi hiyo dukani, kwa ustaarabu, uangalie kiwango cha bia shingoni na kama kizibo hakijavuja. Chini ya karatasi ndipo chupa mbovu zinapojificha. Hamira iliyobaki ndani huiwezesha kukaa miaka mingi ikihifadhiwa vizuri, na miaka 3 hadi 5 inaipa ladha ya mvinyo wa porto. Kwa uwiano wa bei na uzito wa ladha, hakuna inayoishinda kwenye orodha hii.

Mililita 750 za asilimia 8 zina gramu 47 hivi za alkoholi, zaidi ya chupa 2 za nusu lita za lager ya asilimia 5. Ni chupa ya watu wawili au watatu.

3. De Dolle Oerbier Special Reserva, asilimia 13

Hapa ndipo vitu vyote vitatu vinapokutana. De Dolle ni kiwanda kidogo cha Esen, karibu na Diksmuide, kilichofufuliwa na ndugu wa familia ya Herteleer mwaka 1980. Oerbier ya kawaida ni nyeusi ya asilimia 9. Special Reserva ni hiyo hiyo iliyolazwa kwenye mapipa ya mvinyo ya Bordeaux hadi ikafika 13. Mbao inasikika, mvinyo mwekundu unasikika, uchachu unakata utamu ambao bila hivyo ungekuwa wa sharubati.

Kwa nini basi ni ya 3? Kwanza, haitoki kila wakati, na maduka yanaijua thamani yake. Pili, kila toleo lina tabia yake: moja litakuwa tamu na la duara, jingine kali lenye siki. Ukinunua, nunua chupa moja, ionje, ndipo urudi kuchukua nyingine za toleo lile lile. Na usidanganywe na udogo wa chupa. Mililita 330 za asilimia 13 zina gramu 34 za alkoholi, sawa na chupa moja na robo tatu za nusu lita za lager. Anayeendesha gari asiiguse kabisa.

4. Duchesse de Bourgogne, asilimia 6.2

Wanaoanza wengi huipenda hii kuliko zote. Inatoka kwa familia ya Verhaeghe huko Vichte, mchanganyiko wa bia ya miezi 8 na ya miezi 18 iliyokaa kwenye mwaloni. Mwanamke kwenye lebo ni Maria wa Burgundy, aliyefariki mwaka 1482 baada ya kuanguka na farasi akiwa mawindoni.

Ladha yake ni ya siki nyeusi tamu ya Italia, ile ya kumwagia saladi, pamoja na karameli na cheri. Glasi ya kwanza ni raha tupu. Ya pili ndiyo shida: utamu na siki vinapanda pamoja bila kukutana, na mdomo unachoka. Ikipata joto kupita 14 °C siki inatoka mbele kabisa. Kwa hiyo chukua chupa ndogo, iache kubwa, na inywe ikiwa baridi kidogo kuliko wenzake.

5. Cuvée des Jacobins, asilimia 5.5

Ya Omer Vander Ghinste, Bellegem. Haijachanganywa na bia changa, imekaa mwaka mmoja na nusu au zaidi kwenye mapipa makubwa, na matokeo ni uchachu mkavu usioomba radhi. Mpenzi wa maembe mabichi ya chumvi na pilipili ataielewa papo hapo. Wengine waanze na namba 1, waje huku baadaye.

6. Petrus Aged Red, asilimia 8.5

Kwenye karatasi ilipaswa kuwa juu: kali, nyekundu, na ina bia ya pipa ndani yake. Lakini sehemu kubwa ni bia changa tamu, sehemu ndogo tu imetoka kwenye mwaloni, na cheri zinaongoza. Ni kinywaji kizuri cha baada ya chakula, hasa na keki ya chokoleti. Anayetafuta bia chachu kwa maana halisi ataona amenunua kitu kingine.

Walioko Marekani

Cuvee de Tomme ya The Lost Abbey, California, ndiyo jibu la Marekani kwa anayetaka nguvu: asilimia 11, zabibu kavu, cheri chachu, mapipa ya bourbon na hamira ya porini iitwayo Bretanomisesi. Vanila ya pipa la bourbon inapambana na uchachu, na si kila mwaka vinapatana. Kikishindana na Oerbier Special Reserva, tungechagua Oerbier. La Folie ya New Belgium, asilimia 7, iko karibu zaidi na Flanders, na si ajabu: iliasisiwa na Peter Bouckaert, aliyekuwa mtengenezaji bia Rodenbach kabla ya kuhamia Colorado mwaka 1996. Ukiikuta, linganisha bega kwa bega na Grand Cru.

Kusoma lebo na kukagua chupa

Lebo nyingi zina Kiholanzi na Kifaransa. Maneno yenye faida ni eik au chêne, yaani mwaloni, na foeder, pipa kubwa. Neno la kuliogopa ni zoetstof, kwa Kifaransa édulcorant: bia imetiwa kikoleza utamu kisicho sukari, na utamu huo unabaki ulimini muda mrefu baada ya kumeza. Maneno oud bruin, yaani kahawia ya zamani, peke yake hayathibitishi pipa wala umri. Kuna bia tamu nyepesi za mezani zinazouzwa kwa jina hilo, hasa Uholanzi.

Tarehe ya kuisha iko baada ya Tenminste houdbaar tot au À consommer de préférence avant. Kwa bia hizi si tarehe ya kuharibika, na duka linaloziuza kwa punguzo zikikaribia tarehe ni duka la kulipenda, mradi chupa hazijakaa dirishani. Vinywaji vya asilimia 10 na kuendelea haviwajibiki kuwa na tarehe kwa sheria ya Umoja wa Ulaya, kwa hiyo usishangae usipoiona kwenye Special Reserva.

Usinunue chupa iliyo na mchirizi wa ute uliokauka chini ya kizibo, ambayo bia imeshuka chini ya shingo, au iliyosimama chini ya taa kali juu ya rafu. Joto ndilo adui mkubwa kuliko mwanga. Chupa iliyokaa miezi mitatu kwenye stoo ya 30 °C imezeeka vibaya kuliko iliyokaa miaka mitatu kwenye 12 °C.

Kuonja bila kuharibu pesa yako

Isimamishe chupa wima saa 24 ili mashapo yatulie. Itoe kwenye friji mapema: kwa chumba cha 20 °C, dakika 30 hadi 40, kwa Dar es Salaam au Mombasa, dakika 15 zinatosha kwa chupa ya mililita 330. Unalenga 10 hadi 12 °C kwa bia za asilimia 6, na 12 hadi 14 °C kwa zile za 8 na kuendelea. Ikitoka moja kwa moja kwenye 4 °C, harufu imelala, tanini inakuwa kali, na unachobaki nacho ni uchachu mtupu. Wengi waliosema hawapendi bia hizi walizinywa hivyo.

Tumia glasi ya mvinyo mwekundu, iliyosuuzwa vizuri. Mafuta ya sabuni yanaua povu. Mimina mililita 120 hadi 150, ukiacha nafasi ya harufu. Acha sentimita mbili za mwisho kwenye chupa, palipo na mashapo.

Nusa kabla ya kuzungusha glasi, kisha zungusha, unuse tena. Harufu ya kwanza ni ya matunda, ya pili ni ya pipa: ngozi, tumbaku, vumbi la mbao. Funda la kwanza la bia chachu lisihukumiwe. Mdomo bado haujajiandaa, mate yanatoka kwa wingi, na kila kitu kinaonekana chachu mno. Hukumu inaanza la tatu. Sikiliza uchachu unagusa wapi. Ukitanda pande za ulimi na kuondoka, ni laktiki. Ukipanda puani na kuchoma koo, ni siki. Siki kidogo ni sehemu ya mtindo. Ikizidi ni kasoro. Rudi kwenye glasi baada ya dakika 10, kwa sababu bia kali hufunguka polepole.

Kasoro nyingine zina dalili zake. Harufu ya dawa ya kuondolea rangi ya kucha ina maana pipa lilipata hewa nyingi mno. Harufu ya boksi lililolowa ni uzee wa oksijeni au kizibo kibovu. Bia inayovutika kama mlenda imekamatwa na bakteria wa Pediokokasi kabla hamira ya Bretanomisesi haijamaliza kazi ya kusafisha ute wao. Haidhuru, na wakati mwingine hupona yenyewe chupani baada ya miezi, lakini chupa ya namna hiyo irudishe dukani. Ikifurika mara tu unapoifungua, huenda ilikuwa ya moto au imetikiswa. Kama ilikuwa baridi na imetulia, kuna kijidudu kisichoalikwa. Na ladha ya nafaka iliyooza inayojitokeza sekunde kadhaa baada ya kumeza haitaondoka glasini, mwaga.

Chakula cha kuandamana nayo kiwe na mafuta: mbavu za mbuzi za kuchoma, bata, jibini iliyokomaa. Uchachu unafuta mafuta mdomoni. Pilipili nyingi haifai na bia ya asilimia 13, kwani alkoholi inaongeza mwako.

Kusafirisha na kuhifadhi

Ubelgiji, Grand Cru, Goudenband na Duchesse si bia za kutafutwa kwa tochi. Nairobi au Dar es Salaam ni nadra, na nyingi hufika ndani ya begi la ndugu anayekuja likizo. Chupa ya mililita 330 ina uzito wa gramu 600 hivi, kwa hiyo 12 ni kilo 7. Ya mililita 750 yenye kioo kinene inakaribia kilo moja na nusu. Zisafiri kwenye begi linalopimwa, kila moja ndani ya soksi na mfuko wa plastiki, katikati ya nguo, mbali na kingo. Kanuni za usalama wa anga haziwekei kikomo vinywaji vya chini ya asilimia 24 kwenye begi hilo, ila forodha ya unakoenda ina kiwango chake, na msafiri akiulize kabla ya kufunga mizigo.

Zikifika, zipumzike wima wiki moja kabla ya kufunguliwa. Pasipo na stoo ya baridi, ziweke kwenye friji, sehemu ya mboga ambako baridi ni ya wastani, na Grand Cru na Duchesse zinywewe ndani ya mwaka. Chupa kubwa iliyobaki nusu irudishiwe kizibo cha kubana na kurudi kwenye friji. Kesho yake gesi itakuwa imepungua, lakini uchachu utakuwa umeilinda ladha, na Goudenband mara nyingi inakuwa laini zaidi siku hiyo ya pili. Siku ya tatu itie kwenye sufuria ya nyama ya ng'ombe na vitunguu vingi, iive saa mbili na nusu kwa moto mdogo, na sukari kijiko kimoja mwishoni kama uchachu umezidi.